Kichocho hakina staa

Niseme mapema ili tusije tukagombana huko chini: mastaa wanasaidia. Najua kuna watu wakiona msanii kwenye bango kashika chandarua wanasema huyo kalipwa tu, na ni kweli kalipwa, ila kulipwa kwake hakuondoi kwamba watu wanamwangalia yeye na wala hawamwangalii bwana afya. Shida yangu ni nyingine. Ugonjwa unaotumaliza huku Ziwa Victoria, kichocho, hauna staa hata mmoja, na nikiwaza vizuri naona hautakuja kuwa naye, kwahiyo inabidi tuanze kutafuta watu wengine wa kutusemea.

Mi nina steshenari hapa Mwanza, Kirumba, njia ya kushukia Mwaloni kwenye soko la dagaa. Tunaprinti kila kitu, mitihani ya shule za msingi, kadi za harusi, picha za marehemu, na zikija kampeni za afya ndo tunapumua kidogo maana bango la fleksi lina hela. Mteja anakuja na dizaini kwenye flashi na karibu wote wana ombi moja, uso wa staa uwe mkubwa. Tunakaa kwenye kompyuta tunauvuta uso unakua, unakua tena, maneno yanasogea chini, halafu wanakumbuka logo za wafadhili, na zenyewe ziko tano au sita na kila moja ina bosi wake, basi mwisho ujumbe wenyewe unabaki mstari mmoja ambao ukipita na bodaboda huwezi kuusoma hata ukiwa na macho ya mwewe. Kazi ikiisha bango linashuka Mwaloni kufunika dagaa mvua ikianza kunyesha. Siku moja niliwauliza kina mama wanaoanika pale, bango likiwa limekunjwa pembeni yao, hili lilikuwa la nini? Yule dada aliyepigwa picha walimjua wote, mpaka mwanaume anayetoka naye wanamjua na gari analoendesha. La nini sasa? Mmoja akasema kondomu. Mwingine akasema hapana, uzazi wa mpango. Lilikuwa la dawa za minyoo.

Na msidhani ni ushamba wa watu wa Mwaloni. Mwaka 2013 mwezi wa tano Angelina Jolie, yule mwigizaji wa Marekani, aliandika kwenye gazeti la New York Times kwamba ametolewa matiti yote mawili kabla hata hajaumwa, kwa sababu alipimwa akakutwa na hitilafu ya jeni, yani kinasaba, inaitwa BRCA1, na madaktari walimkadiria hatari ya kansa ya matiti asilimia 87. Dunia nzima ilisimama. Kule Uingereza wanawake waliopelekwa kliniki za vinasaba mwezi wa sita na wa saba mwaka ule walikuwa kama mara mbili na nusu ya mwaka uliotangulia, yani barua moja ya gazetini imefanya hivyo. Lakini Wamarekani wenyewe walipohojiwa, karibu robo tatu walikuwa wameisikia stori yake, halafu waliokuwa wanaelewa hiyo hatari inamaanisha nini kwa mwanamke wa kawaida hawakufika hata asilimia 10. Wanamjua Angelina, kansa hawaijui. Sasa mama wa Mwaloni tumlaumu kwa lipi?

Ila tofauti ya Angelina na yule dada wa minyoo ni kwamba Angelina alisema habari ya mwili wake mwenyewe, hakushika kopo la mtu. Na ukifuatilia mastaa waliosogeza watu kweli kweli, wengi ni wa namna hiyo. Magic Johnson alisimama tarehe 7 Novemba 1991 akasema nina virusi vya UKIMWI, naacha kikapu, na simu za watu kuulizia vipimo Marekani zikafurika, maana mpaka siku hiyo wengi walikuwa wanajua ule ni ugonjwa wa watu fulani, wa kwao hapana. Mwanamuziki Elvis Presley alipigwa sindano ya polio mbele ya kamera New York mwaka 1956, kwa sababu vijana walikuwa hawaendi kuchanjwa, wanaona ni mambo ya watoto. Hakutoa hotuba, kakunja mkono tu wa shati huku anacheka.

Na kwa sisi wa ziwa, kabla ya Magic alikuwepo Philly Lutaaya. Vijana wa sasa hawamjui lakini waulize wazee waliokuwa wanapiga safari za Bukoba na Kampala. Huyu alikuwa mwanamuziki wa Uganda aliyekuwa anaishi Sweden, akarudi nyumbani akiwa mgonjwa, akasema hadharani kwamba ana UKIMWI, wakati ambao kwenye nchi zetu mtu mwenye jina hakuna aliyethubutu. Akazunguka mashuleni na makanisani huku kila wiki amekonda kuliko wiki iliyopita, watu wanamwona kwa macho. Alifariki Desemba 1989 akiwa na miaka 38. Wengine walisema ni kiki, eti anatafuta kuuza kanda. Kumbukeni wagonjwa wa kwanza Tanzania waligundulika Kagera mwaka 1983, yani ugonjwa ulikuwa umeshakaa kwenye majumba ya watu miaka mingi na bado unasemwa kwa kunong'ona, kuna waliosema ni kulogwa, kuna walioita Juliana. Alikuja mtu mmoja ambaye nyimbo zake zinachezwa kwenye harusi akasema ni mimi.

Halafu Kikwete. Tarehe 14 Julai 2007 pale Mnazi Mmoja Dar, yeye na Mama Salma wakapimwa virusi mbele ya watu na televisheni, kampeni ya kupima nchi nzima ikaanza siku hiyo. Nakumbuka namna watu walivyokuwa wanaongea, kwamba kama rais katoa kidole chake kikatobolewa sisi ni kina nani. Sisemi kila aliyepima alipima kwa sababu ya Kikwete, mahema ya kupimia yalisogezwa mpaka mitaani na hiyo ndo ilikuwa nusu ya kazi, watu hupenda kuisahau. Ila mtu alipata cha kumjibu mwenzake akiulizwa ulienda kufanya nini kule kwenye hema.

Rais Samia naye alifanya hivyo hivyo tarehe 28 Julai 2021, akachanjwa Uviko pale Ikulu Dar mbele ya kamera, siku zile zilikuwa zimeingia dozi milioni moja na kidogo za Johnson & Johnson. Nilitegemea foleni. Huku kwetu watu walikaa wanaangaliana, mpaka mwezi wa tisa serikali ikaanzisha mpango wa kuwafuata watu kwenye mitaa, minada na vijiji. Kwanini? Jibu ninalo ingawa wengine halitawapendeza. Mwezi wa kwanza mwaka huohuo, Hayati Magufuli akiwa Chato, alisema wazi kwamba hana imani na hizo chanjo. Huyu ni mtu ambaye Kanda ya Ziwa tulimpenda kama ndugu, picha zake mpaka leo naprinti. Neno la mtu unayempenda halifutiki kwa sababu mwingine kaja na neno lake, hata huyo mwingine awe na cheo kilekile. Nasema hivi siyo kwa siasa, nasema kwa sababu kila anayepanga kampeni anadhani watu ni karatasi nyeupe, kumbe watu wameshaandikwa.

Na nguvu hii hii inaweza kukupeleka shimoni. Mwaka 2011 mnaukumbuka? Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, kijiji cha Samunge, kikombe jero. Sukari, presha, kansa, UKIMWI, vyote kikombe kimoja. Hapa Mwanza magari yalikuwa yanajaza kama ya Krismasi. Mwanzoni walikwenda watu wa kawaida waliokata tamaa, lakini kilichofanya foleni ifike kilomita na kilomita, kwa maoni yangu, ni zile picha za wakubwa, mawaziri, na wao wameshika kikombe. Baada ya hapo ungemwambia nini mtu? Kuna waliokuwa wanatumia ARV wakaacha kwa sababu wameambiwa wamepona, na watumishi wa afya walikuwa wanawabembeleza waendelee na dawa. Hakuna bango hata moja lililoprintiwa kwa ajili ya Babu. Wangekuja kwangu ningeprinti, nisiwe mnafiki.

Siku hizi Loliondo imehamia kwenye simu. Mjomba wangu wa Sengerema ana presha ya miaka mingi, vidonge anapewa kliniki anameza, mambo yanaenda. Siku moja akaona klipu ya mchekeshaji mmoja maarufu kashika chupa ya dawa ya mitishamba, anasema "mimi mwenyewe natumia na mama yangu anatumia". Mjomba akapiga namba ya chini, akatuma hela, chupa ikaja na kivuko cha Kamanga. Sasa sikilizeni vizuri hapa maana ndo penyewe: yule mchekeshaji kwenye klipu hakusema acha vidonge. Hata neno presha sidhani kama alilitamka sawasawa. Aliyesema acha vidonge ni muuzaji, kwenye simu, kwa upole kabisa, "mzee wangu ukichanganya na za hospitali haitafanya kazi". Mjomba akaacha na hakutuambia. Kuna asubuhi kaamka mdomo umeenda upande na mkono wa kulia haunyanyuki. Kiharusi. Yuko hai, anatembea na fimbo, na chupa ya pili ilikuwa haijafunguliwa chini ya kitanda. Mchekeshaji kazi yake ilikuwa kufungua mlango tu, ndani akaingia mwingine ambaye hana sura wala jina. TMDA, wale wa serikali wanaosimamia dawa, wana ofisi yao ya kanda hapa Mwanza na huwa wanakamata dawa, wanachoma, wanatangaza, lakini klipu moja inasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp usiku mmoja na hakuna wa kuikamata.

Haya sasa kichocho.

Ukimuuliza mtu wa Mwanza kichocho ni nini atakwambia kukojoa damu. Hicho kipo, kipo zaidi huko bara kwenye madimbwi na mabwawa, Kwimba, Shinyanga huko. Hiki cha kwetu cha ufukweni ni cha matumbo, mkojo unakuwa safi kabisa, kwahiyo mtu anaangalia mkojo wake miaka 20 anajiona mzima. Minyoo ile inatoka kwenye konokono wadogo wanaokaa majini pembeni penye majani, inatoboa ngozi ukiwa umesimama unafua, unaosha vyombo, unavuta nyavu, unaogelea, haikuulizi. Inaenda kukaa kwenye mishipa ya utumbo, mayai yanakwenda kuharibu ini taratibu, miaka inapita, bandama linavimba, tumbo linajaa maji, na mishipa ya kwenye koo la chakula inatuna mpaka inapasuka mtu anatapika damu beseni zima. Madaktari wa hospitali ya Bugando walishaandika kwamba wagonjwa wanaoletwa wakitapika damu, mishipa hiyo ndo chanzo kinachoongoza. Mtaani hapa mtu akifa hivyo wanasema katupiwa kitu. Nishaprinti picha za marehemu wa namna hiyo, vijana wenye miaka 30 na kitu, wavuvi, na kwenye msiba hakuna hata mmoja anayetaja kichocho.

Sasa niambie, staa gani atasimama aseme ana kichocho? Yule rapa Profesa Jay alipolazwa Muhimbili mwaka 2022 muda mrefu vile, kijiweni kwetu ndo mara ya kwanza nasikia vijana wanaulizana figo zinafeli kwa nini na kusafisha damu ni bei gani, na alipotoka akaanzisha taasisi ya kusaidia wagonjwa wa figo, heshima kwake kubwa sana. Lakini figo inampata yeyote, na presha, na kansa, na sukari, hadi wa Masaki na wa Capripoint. Kichocho kinampata anayechota maji ziwani. Mtoto wa staa anaogelea kwenye bwawa la hoteli lenye dawa. Huyo staa hata akija huku kwa kampeni atashuka kwenye gari, atapiga picha ziwa likiwa nyuma yake, viatu vyeupe, arudi. Na hata angekuwa nacho, jamani kipimo chake ni choo. Kikwete alitoa kidole, Samia alitoa bega, Elvis mkono. Nani atapigwa picha kashika kikopo cha choo chake anampa daktari? Mimi hiyo dizaini nikiletewa nitaifanya bure.

Kingine ni kwamba mambo ya mastaa ni ya siku moja. Jukwaa, spika, umati, picha, basi. Kichocho dawa yake ipo, praziquantel, imekuwepo miaka na miaka, kampuni ya Merck inatoa kwa msaada kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 2007, watoto mashuleni wanasimamishwa kwenye ule mti wa kupimia urefu wanapewa vidonge kwa kimo chao. Vikubwa, vichungu, na ukimeza hujala utaona dunia inazunguka, ndo maana wanapikiwa uji kwanza. Lakini ukishameza leo, kesho ukirudi majini unaanza upya. Ni dawa ya kila mwaka kwa mtu anayeishi na ziwa, na hakuna msanii anayekuja kila mwaka kwa kazi hiyohiyo. Mwaka 2008 huko Morogoro zilitokea vurugu kwenye shule, wazazi wamesikia watoto wamezidiwa na hizo dawa, wakavamia. Watoto wengine walisikia kichefuchefu na kizunguzungu kwa sababu ndo dawa ilivyo, ila nani aliwaambia wazazi kabla?

Nilivyokuwa nawaza nani anaweza kusema na watu wa huku wakamsikia, nikakumbuka habari ya tohara. Sisi Wasukuma kwa asili hatutahiri, mnajua, na tulitaniwa sana kwa hilo. Halafu utafiti ukafanyika Kisumu, Rakai kule Uganda na Afrika Kusini, ikaonekana mwanaume aliyetahiriwa uwezekano wake wa kuambukizwa virusi na mwanamke unapungua kama asilimia 60, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza. Kampeni ikaja Kanda ya Ziwa na mabango yake yote, wanaume wakawa wanakuja kwa kusuasua. Watafiti wakachukua vijiji 16 huku huku kwetu kaskazini magharibi. Vyote 16 vilipata huduma ya tohara kama kawaida, ila kwenye 8 waliwaita kwanza viongozi wa makanisa, wakakaa nao semina ya siku moja, anayefundisha ni mchungaji wa Kitanzania pamoja na tabibu wa hospitali wa Kitanzania, na baada ya hapo wanakutana nao kila baada ya muda mfupi kujibu maswali. Hawakumpa mtu hela ya kusimama kwenye bango. Kwenye vijiji hivyo wanaume waliotahiriwa walifika asilimia 52.8, kwingine asilimia 29.5. Hii ilitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2017 na kwa jinsi ilivyo kubwa nilitegemea kila mtu Mwanza awe anaijua.

Ukiangalia, yule mchungaji hana sifa hata moja ya staa. Hana wafuasi Insta, sauti imekwama, suti ni ya mwaka 47. Ila watu wanamjua alivyo, wanajua anamlipa fundi kwa wakati au hamlipi, amewazikia wazazi wao, na Jumapili ijayo yupo palepale, ukiwa na swali unamfuata nyumbani kwake. Staa akisema kitu usichoelewa unamuuliza wapi? Kwenye komenti?

Na kama tunataka mastaa lazima, basi wa kwetu wapo. Manju wa ngoma. Mtu ambaye hajawahi kuona mashindano ya Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya ngoma za Kisukuma, hawezi kunielewa, ile siku za sherehe ya Bulabo pale Bujora mwezi wa sita watu wanatoka Magu, Misungwi, Kwimba, mpaka wa Shinyanga, manju anaimba habari za mwaka mzima, nani kaiba ng'ombe, mbunge kaahidi nini, nani kakimbia mke, na mistari yake inarudi vijijini na watu kwa miguu. Manju mmoja akitunga wimbo kwamba mkojo safi siyo uzima, ungefika sehemu ambazo bango langu halifiki. Kuna tatizo hapo silifichi, hao hao sifa yao kubwa ni dawa za kienyeji, ushindani wa Gika na Galu ni nani ana dawa ya kuvuta umati kuliko mwenzake, kwahiyo kumwambia aseme nendeni hospitali mkapime choo ni kama kumwomba muuza sato amsifie kuku. Inahitaji mazungumzo ya kukaa chini, siyo ya kumpigia simu na kumuuliza bei yake.

Mimi kura yangu naipa kwa matajiri wa mitumbwi. Hawa mnawasahau. Kwenye mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, tajiri ndo benki, ndo hakimu, ndo anayekupeleka hospitali ukiumwa na kukukata kwenye malipo baadaye. Akisema kesho hakuna kuingia majini, hamna anayeingia. Kuna mmoja ni mteja wangu, anakuja kuprinti vile vijitabu vya hesabu za vibarua, mzee wa makamo, ana mitumbwi ya dagaa mwalo mmoja wa Ilemela. Nikamchokoza, shikamoo mzee, hivi vijana wako walishapima kichocho? Akaitikia marahaba halafu akacheka, akasema mwanangu hata mimi sijapima na nimezaliwa majini. Baadaye akawa serious. Mdogo wake alifariki kwa kutapika damu, na yeye siku zote alijua ni mambo ya wanga, mpaka daktari mmoja alipomchorea ini kwenye karatasi.

Huyo mzee ndo alinifungua macho kwa kitu ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu yeyote wa kampeni. Dagaa wanavuliwa kwa taa, giza. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, kwahiyo siku zile za mbalamwezi vijana wote wako nchi kavu, wanashona nyavu, wanakunywa, wanagombana kwa sababu hawana la kufanya. Siku za giza wanaingia usiku na mchana wamelala fofofo. Na kampeni? Wanakuja tarehe iliyopangwa kwenye bajeti, saa nne asubuhi, katikati ya giza, spika zinapigwa, msanii anaimba, wanaocheza ni watoto na kina mama, mvuvi mwenyewe kalala kwenye kibanda anatukana kelele. "Hawajawahi kutuuliza mwezi," mzee akasema.

Nikamuuliza akipewa nafasi angefanyaje. Akasema siku ya tatu ya mbalamwezi, saa kumi jioni, angepika wali na samaki maana hiyo dawa haitaki tumbo tupu, angeanza kumeza yeye mbele yao, asiyemeza hapandi mtumbwi mwezi ukiisha. Hilo la mwisho nilimbishia, dawa siyo adhabu, na kuna mwenye ugonjwa mwingine anatakiwa aongee na mtaalamu kwanza. Tukabishana pale mpaka mteja mwingine akakasirika. Alikubali kwamba atakayesema nani ameze na nani asimeze ni nesi, ila wa kumeza kwanza ni yeye, hapo hakutaka mjadala.

Alishakwenda zahanati kuulizia. Akaambiwa dawa zilizopo zilikuja kwa ajili ya watoto wa shule, watu wazima waje mmoja mmoja wapime. Sasa wavuvi waende mmoja mmoja na kikopo, mnawajua nyie? Na wakati huohuo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unasema sehemu zenye kichocho kingi wapewe wote kuanzia miaka 2 mpaka watu wazima, na mwaka 2024 hata dawa ya watoto wadogo chini ya shule wakaipitisha. Dozi za msaada zikija bado macho yote yanaangalia darasani.

Kwahiyo nauliza kwa nia njema kabisa, kama kuna msomaji yupo idara ya afya wilayani au anamjua anayehusika na magonjwa haya, aje inbox nimuunganishe na huyu mzee. Mchele na samaki atatoa yeye, watu wapo, kiwanja kipo chini ya miembe. Ila kabla hamjapanga tarehe angalieni mwezi.